Kamba ya Parachuti na Daftari Lake

Kamba ya parachuti huuzwa kwa sifa ya nguvu. Muuzaji anayekunjua pima mbili tatu mbele ya mteja huanza kwa kusema kwamba kamba hii nyembamba, yenye unene wa milimita nne hivi, hubeba kilo 250 kabla ya kukatika. Kauli hiyo ina ukweli, nami nitauchambua. Lakini hoja ya sura hii ni nyingine. Nadai kwamba nguvu peke yake haikutosha kuifanya kamba hii iaminiwe na watu walioning'inia kwayo angani. Waliiamini kwa sababu ya utaratibu ulioizunguka: ilihesabiwa, ilikaguliwa, iliandikwa daftarini, na muda wake ulipokwisha iliondolewa kazini. Nailoni ilipotoka jeshini ikaingia sokoni, ilitoka peke yake, daftari likabaki kambini. Matokeo yake yanaonekana vizuri sana Naivasha, kwa kuwa huko kamba ni zana ya kazi ya kila siku: ziwani kwa mvuvi, kwenye vivungulio vya maua na mboga, kwenye miamba ya Hell's Gate, shingoni mwa punda wa mkokoteni wa maji, na kiunoni mwa robota la nyasi linalosubiri mnunuzi.

Parachuti ni kongwe kuliko nailoni. Mfaransa André-Jacques Garnerin alishuka nayo mjini Paris tarehe 22 Oktoba 1797, na kwa karibu karne moja na nusu baada yake kitambaa na kamba za parachuti vilitokana na mimea na wadudu: kitani, pamba, na hasa hariri. Marubani waliookolewa na parachuti walikuwa na chama chao kilichoanzishwa mwaka 1922, wakakipa jina la kiwavi kwa kumshukuru mdudu aliyewasokotea uzi wa uhai. Hariri nyingi ilitoka Japani, na hapo ndipo siasa ilipoingia ndani ya kamba. Wallace Carothers na wenzake katika maabara ya kampuni ya DuPont, Marekani, waliipata nailoni kwa mara ya kwanza tarehe 28 Februari 1935. Carothers alifariki mwaka 1937, na dunia ikatangaziwa uvumbuzi huo mwaka uliofuata. Kwanza ikawa soksi za wanawake, zilizoanza kuuzwa Marekani nzima Mei 1940. Vita vilipoifunga njia ya hariri ya Japani, nailoni iliondolewa kwenye soksi ikapelekwa kwenye parachuti. Tarehe 6 Juni 1942, Adeline Gray, fundi wa kufunga parachuti, aliruka huko Hartford, Connecticut, kwa parachuti ya nailoni. Alikuwa binadamu wa kwanza kufanya hivyo. Miaka miwili baadaye, siku na mwezi ule ule, zaidi ya wanajeshi 13,000 wa Marekani walishuka Normandy kwa miavuli. Walipogusa ardhi walikata kamba zilizowashusha wakaanza kuzitumia: kufungia mizigo, kutengeneza mikanda, kusimamishia turubai. Matumizi ya kila siku ya kamba hii yalianzia hapo, kwenye mikono ya askari asiyetaka kuacha kitu kizuri shambani mwa mtu.

Nilipotaja kwamba Gray alikuwa fundi wa kufunga parachuti sikufanya hivyo kwa kupamba. Kazi hiyo ndiyo roho ya hoja hii. Katika jeshi la Marekani fundi wa miavuli hutakiwa awe tayari kuruka, wakati wowote, kwa mwavuli wowote alioufunga yeye mwenyewe. Kila mwavuli una kumbukumbu yake ya maandishi: umetengenezwa lini, umerukiwa lini, umekaguliwa na nani. Raia wa Marekani nao wana sheria yao: mwavuli wa akiba ulioshonwa kwa nyuzi za viwandani kama nailoni lazima uwe umefungwa upya na fundi mwenye leseni ndani ya siku 180 kabla ya kutumiwa, na ule wenye hariri au nyuzi nyingine za asili ndani ya siku 60. Tuzitazame namba hizo mbili kwa makini. Sheria inakubali kwamba nailoni hudumu kuliko hariri, na inaipa muda mara tatu zaidi. Lakini haiipi muda usio na mwisho. Hata uzi usiooza una siku zake za kukaguliwa.

Umbo la kamba yenyewe linatufundisha jambo hilo hilo. Aina iliyojipatia umaarufu huitwa Aina ya III, na wengi huiita 550 kwa sababu sharti lake ni kuhimili angalau ratili 550, ambazo ni karibu kilo 250. Nje ina ganda la nailoni lililosukwa kwa nyuzi 32 au 36. Ndani ya ganda mna nyuzi saba hadi tisa, na kila uzi umesokotwa kwa nyuzi ndogo zaidi. Ganda hupambana na mikwaruzo ilhali nyuzi za ndani hubeba sehemu kubwa ya mzigo, na ndiyo maana kamba inaweza kuonekana nzima kwa nje huku imekwisha ndani, au kuchakaa nje huku bado ina nguvu. Macho hayatoshi kuipima. Isitoshe, parachuti ya askari haikuwa na kamba moja. Parachuti ya Wamarekani ya wakati wa vita, ile iliyoitwa T-7, ilikuwa na kamba 28 zilizogawana mzigo wa mtu mmoja. Kamba 28 za kilo 250 kila moja ni kilo 7,000. Kwa hiyo anayesema kwamba kamba moja ya namna hii ilimshusha askari salama kutoka ndegeni amesahau nyingine 27.

Nguvu hiyo ya kilo 250 nayo ni ya kamba mpya, kavu, iliyonyooka, inayovutwa polepole. Ukiipiga fundo, huenda ikapoteza theluthi ya nguvu yake, pengine hata nusu, kutegemea aina ya fundo. Ikilowa maji, nailoni hupungukiwa na sehemu ya kumi hivi, kisha huirudisha inapokauka. Ikisuguana na nailoni nyingine hupata joto na kujikata yenyewe, kwa sababu nailoni huyeyuka kwenye nyuzijoto 260 hivi, na msuguano wa kamba juu ya kamba huufikia moto huo kwa haraka ya kutisha. Halafu kuna jua. Miale ya urujuanimno huvunja minyororo ya molekuli inayoipa nailoni nguvu, na Naivasha iko chini kidogo tu ya ikweta, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,890 ambako hewa ni nyepesi na miale hiyo hupenya kwa ukali. Kamba iliyokaa mwaka mzima juani kwenye paa la gari la watalii haiwezi kulinganishwa na pacha wake aliyekaa kabatini, hata kama rangi zao bado zinafanana. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Kwenye nailoni pabovu hapaonekani, na hilo ndilo tatizo la nailoni isiyo na daftari.

Hapo ndipo Hell's Gate inapohusika. Hifadhi hiyo ya taifa, iliyotangazwa mwaka 1984, ina miamba inayowavuta wapandaji kutoka Nairobi na ng'ambo, na mnara wa mawe wa Fischer, uliopewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huko mwaka 1883, una urefu wa mita 25 hivi. Mtu mwenye kilo 70 anaweza kujishawishi kwamba kamba ya kilo 250 inamtosha mara tatu na ziada. Hesabu hiyo ni ya kifo. Mwili unaoanguka mita mbili kisha ukazuiwa ghafla hauvuti kamba kwa kilo 70, huivuta kwa uzito huo mara nyingi, na fundo lililopo njiani limekwisha kula sehemu ya nguvu. Kamba ya kupandia miamba ni jamaa wa karibu wa kamba ya parachuti, kwa kuwa nayo ina ganda na kiini cha nailoni. Kampuni ya Edelrid ya Ujerumani ndiyo iliyoileta mwaka 1953. Lakini hiyo ni nene zaidi ya mara mbili, na imeundwa kuvutika ili ipokee mshtuko kidogo kidogo. Jambo muhimu zaidi kwa hoja yetu ni kwamba wapandaji makini huandika tarehe ya kununua kamba yao, huhesabu maporomoko iliyoyazuia, na huistaafisha kabla haijawaua. Hao walichukua nailoni pamoja na daftari lake.

Msomaji anaweza kuuliza: je, basi kila kazi inahitaji kamba bora na ukaguzi mkali? Hapana, na jibu hilo lilishatolewa na vita vile vile, mbele ya macho ya askari wa Afrika Mashariki. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland wengi wao wakiamrishwa kwa Kiswahili, ilisonga mbele kwenye Bonde la Kabaw huko Burma wakati wa mvua za monsuni, ikafika Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China msituni Mlima Kenya, alikuwa miongoni mwa Wakenya waliopigana Burma. Barabara ziligeuka tope, kwa hiyo chakula na risasi vilidondoshwa kutoka angani. Parachuti hazikutosha. Jenerali William Slim, aliyeongoza jeshi ambamo divisheni hiyo ilikuwamo, aliwaomba wenye viwanda vya Kalkuta wamtengenezee miavuli ya juti, ule uzi wa magunia, kitambaa na kamba pia. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwavuli wa juti uligharimu kitu kama pauni moja badala ya zaidi ya pauni 20 za mwavuli wa kawaida, na ufanisi wake ulifikia asilimia 85 ya ule wa kawaida. Slim hakuutumia kushusha watu wala vitu vya kuvunjika. Aliutumia kushusha mizigo ya kawaida, ambayo mwavuli mmoja ukishindwa hasara yake ni gunia la mchele.

Nauona uamuzi huo wa Slim kuwa somo kubwa zaidi katika historia nzima ya kamba za parachuti, kubwa kuliko Normandy, na inasikitisha kwamba vitabu vingi vinavyowasifu wavumbuzi wa nailoni haviutaji. Ni kana kwamba Slim aliuliza kwanza ni nini kitaning'inia, kisha ni mara ngapi, kisha kamba itaishia wapi. Miavuli ya mizigo ilikuwa ya safari moja, iliangukia msituni na kuachwa, basi ikatengenezwa kwa uzi unaokubali kuachwa msituni. Akatenga kazi mbili: mahali ambapo uhai unategemea kamba, lete kamba bora na uikague. Mahali ambapo kamba itatupwa baada ya kazi moja, lete uzi wa shambani.

Uzi huo wa shambani tunao. Tena tunao karibu. Mkonge uliingia Afrika Mashariki mwaka 1893, wakati Dakta Richard Hindorf alipoagiza miche elfu moja kutoka Florida kupitia Hamburg, na ni 62 tu iliyofika hai pwani ya Tanga. Kutokana na miche hiyo 62 Tanganyika ilikuja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Kenya nayo ilianza mapema karne ya 20 kwenye shamba la Punda Milia karibu na Thika, kisha mkonge ukaenea hadi Bonde la Ufa, na mpaka leo anayesafiri kutoka Nakuru kuelekea Mogotio hupita katikati ya safu za makonge. Vita vilivyoikuza nailoni viliukuza mkonge pia, na kwa sababu ile ile. Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942, mataifa washirika yalipoteza nyuzi za abaka zilizosokota kamba za meli zao, wakaugeukia mkonge wa Afrika Mashariki. Baada ya vita njia zikaachana. Tanganyika ilifikia kilele cha tani 230,000 hivi mwaka 1964, kisha nyuzi za plastiki, hasa za polipropilini zilizo rahisi kuliko nailoni, zikauteka ulimwengu wa marobota na vifurushi, na bei ya mkonge ikaporomoka. Utaifishaji wa mashamba nchini Tanzania mwaka 1967 uliongeza matatizo, lakini Kenya, isiyotaifisha, nayo ilionja bei hizo hizo.

Sasa turudi ziwani, kwani ndiko nailoni ilikoleta faida kubwa na hasara kubwa kwa pamoja. Nyavu za makila za kitani ziliingia Ziwa Viktoria mwaka 1905. Zilioza. Mvuvi alilazimika kuzianika, kuzishona na kuzibadilisha mara kwa mara, na uchovu huo ulikuwa breki kwa uvuvi. Nyavu za nailoni zilipofika miaka ya 1950, mvuvi alipata wavu usiooza, mwembamba usioonekana vizuri na samaki, unaoweza kulala majini usiku kucha na kurudishwa usiku unaofuata. Uvuvi wa biashara kwa nyavu za makila ulianza Ziwa Naivasha mwaka 1959, nailoni ikiwa tayari imeingia. Kwa hiyo ziwa hili, tofauti na Viktoria, halikupitia enzi ndefu ya wavu unaooza. Samaki wake wengi wa biashara ni wageni walioletwa: besi wa Marekani mwaka 1929, perege wa aina kadhaa, kamba wa maji baridi wenye asili ya Louisiana mwaka 1970, na kapu waliojitokeza baadaye. Mwaka 2001 uvuvi ulifungwa kwa mwaka mzima kwa sababu samaki walikuwa wamepungua mno. Siwezi kuibebesha nailoni lawama yote ya 2001. Nyavu za matundu madogo, wavuvi wasio na leseni, kina cha maji kinachopanda na kushuka, vyote vilihusika. Lakini wavu wa kitani unaopotea ziwani huoza ukaacha kuvua. Wavu wa nailoni unaopotea huzama, kwa sababu nailoni ni nzito kuliko maji, na huko chini huendelea kunasa samaki asiyeliwa na mtu. Ziwa lilipopanda kuanzia miaka ya 2010 na hasa mwaka 2020, likameza migunga na nyua za ufukoni, vizuizi vya kunasia nyavu viliongezeka.

Dunia ya uvuvi imelitambua jambo hili. Mwaka 2018 Kamati ya Uvuvi ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa iliidhinisha mwongozo wa hiari wa kuzitia alama zana za uvuvi, ili wavu ukiokotwa ijulikane ni wa nani, na ukipotea mwenyewe aripoti. Hilo si geni. Ni lile daftari la fundi wa miavuli, limefika ziwani baada ya nailoni kutangulia kwa zaidi ya nusu karne.

Punda anayevuta mkokoteni wa maji mjini Naivasha hana habari za miongozo. Anavuta madumu kuanzia alfajiri, na mara nyingi kinachounganisha mwili wake na mzigo ni kamba nyembamba ya plastiki. Hapa nguvu ya kamba ndiyo inayomuumiza. Mzigo ule ule ukiegemea mkanda mpana wa turubai au magunia yaliyokunjwa na kushonwa hugawanyika juu ya eneo kubwa la kifua. Ukiegemea kamba ya milimita nne hukusanyika kwenye mstari mmoja na kuichana ngozi, na kwa kuwa kamba haikatiki, kinachokubali kushindwa ni ngozi ya mnyama. Madaktari wa mifugo na mashirika ya kutetea punda wamelieleza hili kwa miaka mingi. Ng'ombe naye ana shida yake: robota la nyasi likifungwa kwa uzi wa plastiki, kipande kinachosahaulika kwenye hori humezwa, hukaa tumboni bila kusagika, na kinaweza kuziba njia ya chakula. Uzi wa mkonge ukimezwa humeng'enywa polepole kama nyasi ngumu.

Katika vivungulio hali ni hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Mnyanya hupanda juu ya uzi kwa msimu mmoja, kisha mmea hung'olewa pamoja na uzi wake. Kama uzi ni wa mkonge, vyote viwili huingia shimo la mboji. Kama ni wa plastiki, mtu lazima akae chini atenganishe shina na uzi, kazi ambayo kwa kawaida haifanywi, na lundo zima huishia kuchomwa moto au kutupwa. Mwaka 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na Juni 2020 ikazuia plastiki za kutumiwa mara moja katika hifadhi, Hell's Gate na Longonot zikiwemo. Marufuku ya 2017 ililenga mifuko, na uzi wa kufungia ukapita katikati.

Kuna pingamizi tatu ambazo haifai kuzikwepa. Ya kwanza inahusu umaskini. Wapo watakaosema kwamba mwananchi wa kawaida hatupi kamba: ile iliyofunga kitanda kwenye pikipiki leo kesho itaanikiwa nguo, mwaka ujao itafungia mbuzi, na kwamba kamba isiyooza ndiyo inayomfaa mtu asiye na hela ya kununua nyingine. Nakubaliana nao kabisa. Kamba inayotumiwa tena na tena ndiyo kamba iliyo mahali pake, na nyumba zetu nyingi zinaitunza nailoni vizuri kuliko kampuni kubwa zinavyoitunza. Hoja yangu haimgusi mama anayeanika nguo. Inagusa uzi unaonunuliwa kwa maelfu ya mita ukijulikana tangu siku ya kwanza kwamba utatupwa baada ya miezi michache. Pingamizi hiyo, ikisomwa vizuri, inaniunga mkono.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: mkonge nao si mtakatifu. Nyuzi ni takriban asilimia nne tu ya uzito wa jani. Sehemu iliyobaki hutoka kwenye korona, mashine ya kutenganisha nyuzi na jani, ikiwa majimaji na makapi yanayochafua mito yasiposhughulikiwa. Mashamba yenyewe yaliundwa kwenye ardhi iliyochukuliwa na wakoloni, kwa jasho la vibarua waliolipwa kidogo, na malalamiko ya ujira na makazi hayakwisha na uhuru. Yote hayo ni kweli. Lakini hayo ni maovu yanayoweza kurekebishwa bila kubadilisha mmea. Shamba la Hale mkoani Tanga lilionyesha tangu miaka ya 2000 kwamba makapi hayo yanaweza kutoa gesi ya kuzalishia umeme, na ujira ni suala la sheria na vyama vya wafanyakazi. Uzi wa plastiki uliomo tumboni mwa ng'ombe hauna marekebisho ya namna hiyo.

Ya tatu ni kwamba mkonge ni dhaifu: hunyonya maji, hufura, hukatika bila kutarajiwa. Ndiyo. Asitokee mtu akapanda Mnara wa Fischer kwa kamba ya katani, wala asifungie nayo boti usiku wa upepo wa ziwa. Mtu anayetundika kitu juu ya vichwa vya watu, anayeokoa, anayevua, anayesafiri mbali na msaada, huyo na achukue nailoni bora aipatayo. Wanaanga wa chombo cha Discovery waliokwenda kuitengeneza darubini ya Hubble Februari 1997 walitumia kamba ya parachuti miongoni mwa vitu walivyonavyo kubandika viraka kwenye kinga zake za joto zilizochanika, na hakuna uzi wa shambani ambao ungefaa pale. Anayenunua kwa kazi kama hizo akumbuke pia kwamba kamba nyingi zinazouzwa kwa jina la parachuti, bangili za watalii zikiwemo, ni za poliesta au polipropilini na hazifikii nusu ya sifa zinazotajwa. Akate ncha ahesabu: zikiwa pungufu ya nyuzi saba ndani, au ndani mkiwa na nyuzi zilizolala tu bila kusokotwa, hiyo si Aina ya III. Kwa mzigo unaotulia asizidishe kilo 25 hadi 50 kwa kamba moja, hata ikiwa halisi.

Yanayobaki ni ya utekelezaji, na hayahitaji fedha nyingi. Vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU) vya Kamere, Karagita na fuo nyingine za ziwa tayari vina orodha za wavuvi na mitumbwi. Viongeze safu moja ya nyavu: namba ya wavu, tarehe ulipoingia majini, tarehe ulipotolewa, na mahali ulipopotea kama umepotea. Serikali ya Kaunti ya Nakuru, ambayo ina ziwa na ina mkonge ndani ya mipaka yake, ianze na wakulima wa nyanya na wauza nyasi: uzi wa msimu mmoja uwe wa mkonge. Wenye mashamba makubwa ya maua wanaojisifu kwa vyeti vya mazingira wahesabu kilo za uzi wa plastiki unaoingia lango lao na kilo zinazotoka, wazitangaze. Na wewe unayeimiliki kamba nzuri ya nailoni, iwe ya hema, ya boti au ya kupandia mwamba, chukua kalamu isiyofutika, andika mwezi na mwaka kwenye ncha yake, kisha ipe tarehe ya kustaafu.